Nitaifanyaje AI iwe mteja mbishi? Wenye prompti za kigemu njooni

Binti Buguruni

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada na msinicheke tafadhali. Nimeanza kazi juzi juzi kwenye duka la magauni la binamu yangu Kariakoo, mtaa wa Kongo, na tatizo langu ni mdomo, sina. Mteja akisema dada punguza naangalia chini napunguza, akisema tena napunguza tena, akikaa kimya tu mimi mwenyewe najisikia vibaya napunguza. Binamu akija jioni kufunga mahesabu hata hagombi, anaguna tu, na kile kiguno bora angenitukana.

Sasa nikapata wazo, usiku nikishamaliza kazi za ndani nafungua ChatGPT, ile AI ya kuchati nayo, naiambia jifanye mteja umekuja dukani kwangu unataka gauni, mimi muuzaji, tubishane bei ili nizoee. Inakubali vizuri tu. Naandika gauni elfu thelathini na tano. Inajibu, nanukuu, "Lo, gauni hili ni zuri mno! Je, unaweza kunipunguzia kidogo?" Nasema hapana. Inasema "Naelewa kabisa, ubora una gharama yake. Basi nitalichukua!" Yaani pale pale. Halafu kabla sijapumua inanimwagia vidokezo vya kuwa muuzaji bora, cha kwanza tabasamu, cha pili msikilize mteja, na mwisho inaniuliza ningependa tuendelee na mfano mwingine. Meseji chache tu nishaboreka nahamia TikTok.

Kuna mdau kwenye grupu moja la WhatsApp alisema dawa yake ni kuiandikia prompti, yaani yale maelekezo unayoipa mwanzoni, kama gemu, uweke levo, pointi, uhai wa kupungua, ndio inachangamka. Nikamuuliza inaandikwaje akapotea mpaka leo. Mwenye kujua anielekeze, na aniambie ukweli kama inafanya kazi au ni mbwembwe za watu wa mtandaoni. Simu yangu ya kawaida, bando la kuungaunga, kwa hiyo prompti isiwe ndefu kama risala ya mgeni rasmi.

Dogo wa Temeke

Huyo mteja anayesema "ubora una gharama yake" naomba namba yake, nina kiwanja Chanika namuuzia leo leo 😂😂

Naweka kigoda hapa nasubiri wataalamu, maana na mimi yangu kila nikiiuliza kitu inaanza na "Swali zuri sana!" hata nikiuliza ugali unaiva dakika ngapi.

Konda Mstaafu

Dada inafanya kazi, ila sio kwa sababu ya pointi. Watu wengi wanaweka levo na pointi na vikombe halafu wanashangaa mbona bado inaboa. Pointi ni mapambo. Kinachobadilisha mambo ni kwamba ukiweka kanuni za gemu unaipa ruhusa ya kukukatalia.

Hizi chatboti, yaani AI za kuchati, zimefundishwa kwa watu kusoma majibu na kusema hili zuri kuliko lile, mara nyingi sana, na binadamu tunapenda jibu linalotukubali, basi nayo ikajifunza kuwa ukimkubali mtu unashinda. Hata OpenAI wenyewe, wenye hiyo ChatGPT, Aprili 2025 walirudisha nyuma toleo jipya waliloliweka kwenye ChatGPT kwa sababu lilikuwa limezidi kusifia watu, mtu anaeleza wazo la ovyo anaambiwa ana kipaji. Kwa hiyo ukiiambia tu "jifanye mteja", inaona kazi yake ni kukufurahisha wewe, na njia fupi ya kukufurahisha ni kununua gauni. Lakini ukiiambia hili ni gemu, kazi yako ni kufuata kanuni hizi na mimi naweza kushindwa, hapo kukukatalia ndio inakuwa utii. Umenielewa? Hujaibadilisha tabia, umeigeuzia kibao tu, hamu yake ile ile ya kukutii sasa inakukazia.

Jaribu hii, kopi ujitumie mwenyewe WhatsApp ili kila siku unapesti tu:

"Tunacheza gemu. Wewe ni mteja, mimi ni muuzaji wa magauni Kariakoo. Bei yangu ya kuanzia 35,000. Nikiuza chini ya 27,000 nimeshindwa. Wewe unaanza kwa 18,000. Panda bei pale tu nikikupa sababu mpya inayohusu gauni lenyewe, kitambaa, mshono, saizi, rangi, na usipande zaidi ya 2,000 kwa mara moja. Nikirudia sababu, usipande. Nikikubembeleza bila sababu, shuka 1,000. Una uvumilivu 5. Nikirudia, nikibembeleza au nikikujibu vibaya unapungua 1. Ukifika 0 unaondoka, gemu limeisha, na hurudi hata nikikuita. Jibu kwa sentensi mbili tu. Usinisifie. Usinipe ushauri wowote mpaka niandike FUNGA DUKA. Mwisho wa kila meseji andika mstari mmoja: bei yako, uvumilivu wako, sababu nilizokwisha kutumia."

Basi, hiyo sio risala. Nakuwekea kipande cha jinsi ilivyonijibu mimi ili uone tofauti:

Mimi: Dada hiki kitambaa kizito, hata ukifua kila siku hakichuji.
AI: Kila duka wananiambia hakichuji. Haya, ishirini nakupa.
(Bei 20,000 / Uvumilivu 5 / Sababu: kitambaa)
Mimi: Ongeza kidogo mpenzi, tangu asubuhi sijauza.
AI: Kwa hiyo mimi ndio nikulipie asubuhi yako? Kumi na tisa.
(Bei 19,000 / Uvumilivu 4 / Sababu: kitambaa)

Hiyo "asubuhi yako" ilinichoma kabisa, na mimi nimepiga debe Mbagala Rangi Tatu miaka mingi nimetukanwa na kila aina ya abiria.

Ushauri mmoja wa ziada. Wewe shida yako ni mdomo, sio vidole. Usiandike, ongea. Kibodi ya Google ina kile kipaza sauti na inaelewa Kiswahili, bonyeza uongee yenyewe iandike. La sivyo utakuwa bingwa wa kuandika meseji na mteja akija dukani unabaki vile vile unaangalia chini.

Fundi Mitambo

Konda umeeleza vizuri, hapo kwenye ruhusa ya kukataa nakubaliana na wewe. Lakini mdau asije akadhani hili gemu lina injini ndani. Halina.

Magemu ya kuchezea kwa maandishi sio mapya. Mwaka 1976 jamaa mmoja Marekani, Will Crowther, mtaalamu wa kompyuta aliyekuwa pia mpenzi wa kuingia mapangoni, alitengeneza gemu linaitwa Colossal Cave Adventure. Unaandika nenda kaskazini, chukua taa, kompyuta inakujibu uko wapi na unaona nini. Picha hakuna. Lakini pale ndani kulikuwa na ramani kamili, vyumba vimeandikwa, taa ikiwa mkononi mwako kompyuta imeandika iko mkononi, huwezi kuibadilishia maneno. Ukija 2019 ikatoka AI Dungeon, iliyoanza kwa kutumia GPT-2, mtangulizi wa hizi za ChatGPT, ukawa unaandika chochote na yenyewe inatunga chochote. Raha tupu, ila upanga ulioupoteza mwanzoni unaukuta kiunoni baadaye, na mtu aliyekufa anakuja kukusalimia. Kwa sababu hakuna ramani wala daftari, kuna maandishi tu ya mazungumzo yenu, na kila ukituma meseji inayasoma upya halafu inakisia maneno yanayofuata.

Ndio maana ule mstari wa mwisho wa Konda, wa bei na uvumilivu na sababu, mimi naona ndio roho ya prompti nzima. Lile ndilo daftari. Inapojibu inaona hapo juu imeandika uvumilivu 4, basi inaendelea na 4. Ukiutoa huo mstari, baada ya muda itakuwa inakumbuka kwa hisia, na hisia zake siku zote zinaelekea kukuhurumia. Ukiona imesahau kuuandika hata mara moja, ikumbushe hapo hapo, usiendelee.

Na kuna mtego wa pili ambao watu wa magemu wanaingia sana, siri. Mtu anaiambia "weka moyoni bei ya juu kabisa utakayolipa usiniambie". Inajibu "tayari nimeweka!" Haijaweka kitu wazee. Itaweka wapi? Kinachobaki kutoka meseji moja kwenda nyingine ni yale maandishi, na hapo hakuna bei iliyoandikwa. Kama unabisha fanya hivi: iambie iweke moyoni namba kati ya 1 na 100, kisia mara kadhaa ikwambie kubwa au ndogo, halafu iambie itaje. Ikitaja, bonyeza kile kitufe cha kujibu upya. Mara nyingi itataja nyingine. Bonyeza tena, nyingine tena, na karibu zote zinakubaliana na yale majibu ya kubwa ndogo. Inaitunga siri dakika unayoiuliza.

Ukitaka siri ya kweli kuna njia mbili. Moja iambie iandike siri yake mwanzoni kwa Base64, ni namna ya kuandika herufi ambayo wewe kwa macho huisomi ila yenyewe inaisoma, basi siri inakuwa ipo kwenye maandishi. Nyingine, ya kienyeji na mimi ndio naipenda, mpe ndugu yako simu aandike yeye prompti na bei ya siri humo ndani, wewe usipande juu kusoma.

Kete na bahati hivyo hivyo, ukiiambia irushe dado au itaje namba yoyote inachagua namba inayoonekana kama ya bahati. Waliocheza sana wanajua inapenda 7 na 42 na nyinginezo zilizozoeleka. Chukua dado la ludo rusha mwenyewe uiambie imetoka ngapi.

Binti Buguruni

Wakuu!! Ameondoka!!! 😭😂

Nimeweka prompti ya Konda kama ilivyo. Nikaanza na kitambaa akapanda, nikasema mshono umepigwa mara mbili akapanda tena akafika 22,000, nikaishiwa. Nikaanza dada jamani, dada niangalie, si unajua hali. Uvumilivu unashuka naona kabisa kwa macho unashuka lakini mdomo hauna kingine. Akaniambia "Dada hali yako na yangu ni moja, acha niangalie duka la mbele." Imeisha. Nikamwita rudi nikupe ishirini na tano, akajibu "Gemu limeisha, mteja hayupo." Nimekaa kitandani nacheka peke yangu mpaka mdogo wangu kaamka.

Kumbe tatizo langu sio aibu peke yake, silijui gauni! Nikiulizwa sababu tano za lile gauni ninazo mbili. Leo dukani badala ya kukaa nachezea simu nilikuwa nageuza magauni ndani nje natafuta cha kusema. Lile la kola lina bitana, nilikuwa sijui.

Maswali mawili. Moja, Kiswahili chake ni cha taarifa ya habari, mteja gani anasema "ningependa kufahamu"? Nikiiambia ongea kama mtu wa Dar ndio inaharibu zaidi, kila sentensi mambo vipi mshikaji poa kichizi, kama mzungu aliyefika jana. Pili, nikicheza muda mrefu naona inalainika, inaanza kupanda hata sijatoa sababu. Kwa nini?

Konda Mstaafu

😂😂 "Mteja hayupo" hiyo nimeipenda.

Kwa lugha, usiielezee, ionyeshe. Ukisema "ongea kama mtu wa Dar" inachota kila kitu ilichowahi kusoma kinachosemekana ni cha Dar, vya miaka ishirini iliyopita na vya leo vyote mfuko mmoja. Badala yake wewe uko mtaa wa Kongo kutwa nzima, sikiliza. Wateja wanasema nini kwa maneno yao? Andika mistari mitano sita uiweke chini ya prompti, "mteja anaongea hivi", bila maelezo mengine. Mimi ningeanza na hizi:

"Ya mwisho shilingi ngapi, usinizungushe."
"Pale mbele wananipa ishirini, hili hili."
"Mimi mteja wako bwana, nikipendeza si nakuletea wengine."
"Hapa nimebaki na nauli tu."
"Nikichukua mawili je?"
"Mbona uzi unatoka huku?"

Utaona inavyobadilika, inaacha mshikaji mshikaji inaanza kukukata kwa sauti ya chini kama wenyewe. Na kila ukisikia maneno mapya dukani ongeza. Hiyo "mbona uzi unatoka huku" hakikisha iwepo, ndio inayowaua wauzaji wapya.

Kulainika namwachia Fundi.

Fundi Mitambo

Kulainika ni kwa sababu mazungumzo yakirefuka kanuni zako zinabaki mbali kule juu, na karibu yake kuna rundo la meseji zenu, wewe unaomba yenyewe inajibu, basi inafuata mwelekeo wa yale ya karibu zaidi. Na kuna kiwango cha maandishi inayoweza kuyashika kwa wakati mmoja, ukikizidisha ya mwanzoni yanaanza kuachwa, na prompti yako ndio ya mwanzoni kuliko yote.

Dawa ni ndogo tu, gemu liwe fupi. Mteja mmoja, mazungumzo mapya. Akinunua au akiondoka, funga fungua jipya pesti prompti upya. Wala usihofie bando, maandishi matupu hayali kitu ukilinganisha na hizo video za TikTok ulizosema.

Halafu hakimu asiwe yule yule mteja. Mkimaliza na ukaandika FUNGA DUKA kuomba ushauri, itakusifia, maana ndio mlikuwa mnacheza pamoja. Kopi mazungumzo yote, fungua mazungumzo mapya, iambie "haya ni maongezi ya muuzaji na mteja, nionyeshe sentensi moja ya muuzaji iliyompotezea pesa nyingi kuliko zote". Usiseme muuzaji ni wewe. Utapata ukweli mchungu kidogo, na moja inatosha, ukiomba kumi itatafuta mpaka zisizokuwepo.

Mama Wawili

Mimi sio mtaalamu ila natumia hivyo hivyo kwa wanangu na sijawahi kuita gemu wala prompti, naita vitendawili. Wa kwanza yuko darasa la nne, hataki kusoma jioni, lakini kitendawili hachoki. Nilichofanya niliiandikia utaratibu wetu wa nyumbani: wewe unasema Kitendawili, unasubiri mtoto aandike Tega, ndio unatoa. Akikosa mara mbili unasema Nipe mji. Akikupa mji unasema umeenda mji huo umeona nini umekula nini, sentensi tatu, halafu ndio unampa jibu.

Jamani hapo kwenye mji ndio mtoto anakufa. Kampa Tanga, ikasema imefika Tanga imekula machungwa ya Muheza mpaka tumbo limeuma, ikapita kuona mapango ya Amboni ikaogopa popo. Sasa mtoto anakosa makusudi ili aipe mji. Kaipa Kigoma, Songea, Bukoba, majuzi kaipa Kisarawe nikamwambia hapo ni karibu mno haitaki nauli. Jiografia anaisoma bila kujua anasoma. Ila mimi namkagua, kuna siku ilimwambia mambo ya mji fulani ambayo mimi nimezaliwa huko najua si kweli, nikamwonyesha mtoto naye akaanza kuivizia. Huo nao ukawa mchezo wa pili, wa kuikamata.

Vitendawili vyenyewe lakini usiiachie ivitunge. Inaleta vya kizungu, "nina mikono ila sipigi makofi", eti saa. Mtoto wa darasa la nne gani Tabata anaangalia saa ya mishale? Nimeipa orodha yangu mwenyewe, nyumba yangu haina mlango, kuku wangu katagia miibani, vile tulivyofundishwa sisi, ikiisha naongeza vingine.

Na simu naishika mimi. Wenyewe wa ChatGPT wanasema walio chini ya miaka 13 hawaruhusiwi kuitumia, kwa hiyo mtoto anasema, mama anaandika. Jina lake wala shule siandiki humo.

Mzee wa Kahawa

Vijana mmenifurahisha. Mimi mjukuu wangu aliniwekea hii kitu kwenye simu nikaiambia tucheze bao. Bao la kiswahili, la kete 64, sio hayo ya vibandani ya vizibo vya soda. Ikasema inalijua! Ikanieleza namua, ile awamu ya kwanza, ikanieleza mtaji, ya pili, ikataja nyumba, lile shimo maalumu, nikasema leo nimepata mwenzangu maana hapa kijiweni wamebaki wawili tu wanaolicheza la kweli.

Tukaanza. Sijafika mbali inatakata, yaani inatembeza kete bila kula, kwenye shimo lisilo na kitu. Nikaiambia hapo hamna kete, ikasema "Uko sahihi kabisa, samahani", ikacheza tena, inakula upande wake yenyewe. Nikahesabu kete zimezidi 64. Imezitoa wapi? Anayezidisha kete kijiweni tunamfukuza na kahawa yake hapewi.

Fundi Mitambo

Shikamoo mzee wangu. 😂 Hiyo ndiyo ile ile habari ya ramani. Bao lina mashimo 32 na kila mchezo mmoja unabadilisha mashimo kibao kwa mpigo, kete zinatembea zinazunguka zinakula zinarudishwa kichwani, na yenyewe haina ubao, inakisia maneno. Imesoma habari za bao, kwa hiyo kuieleza inaeleza vizuri, kulicheza ni kazi nyingine kabisa. Hata drafti na chesi inachemka hivyo hivyo mchezo ukiendelea, ingawa zile imezisoma zaidi.

Ukitaka ikufae kwenye bao, iambie yenyewe isicheze. Wewe weka ubao wako wa mninga hapo mezani, iwe mwanafunzi, wewe umfundishe kanuni moja moja, yenyewe iulize maswali na iandike ulichosema. Mwisho unabaki na maelezo ya bao kwa maneno yako ya kumpa mjukuu.

Mzee wa Kahawa

Marahaba mwanangu. Hilo nalipenda. Ila iache kuniambia niko sahihi kabisa, najua.

Binti Buguruni

Shikamoo mzee, na asanteni wote jamani, sikutegemea mambo yote haya.

Nimeweka maneno ya wateja kama Konda alivyosema, sasa inatisha. Jana imenishika na ule uzi. "Mbona uzi unatoka huku?" nikaganda. Nikaandika ni uzi tu nakata. Ikasema "leo uzi, kesho mkono", bei imeshuka. Leo asubuhi nimenunua mkasi mdogo, magauni yote yaliyotundikwa nimekata nyuzi kabla ya kufungua.

Sasa Konda naomba levo ya pili. Wa rejareja nimeanza kuwazoea, kinachonishinda ni wale wa jumla. Wanakuja kutoka Lubumbashi, kutoka Zambia, Komoro, wanataka dazeni kadhaa, wanaongea haraka, wana kalikuleta mkononi, na binamu akiwa hayupo naogopa hata kutaja bei.

Konda Mstaafu

Wa jumla usibadilishe namba tu, badilisha kinachomuuma. Wa rejareja anataka apendeze, wa jumla anataka auze kule kwao abaki na faida baada ya mzigo kufika. Kwa hiyo kanuni ya sababu inageuka. Andika "panda bei pale tu nikikwambia kitu kitakachokusaidia wewe kuuza au kusafirisha", yaani saizi zimechanganywa vizuri, rangi zinazouzika, mzigo unafungwa leo leo, yenye kasoro inabadilishwa. Ukimwambia kitambaa kizuri asipande hata mia.

Halafu uvumilivu mpe 3, hao hawana muda. Na ongeza hii, "kila meseji ya pili uliza swali moja la hesabu", dazeni nne kwa bei hiyo ni ngapi, nikichukua sita utanipunguzia ngapi kwa kila gauni. Wewe jibu bila kalikuleta ya simu, kisha ndio uhakiki kwa kalikuleta, usiihakiki kwa AI yenyewe maana hesabu ndefu nayo inateleza. Muulize binamu bei ya chini kabisa ya jumla uiandike humo kama ile 27,000, usiikisie, na ukimaliza usiache hiyo prompti wazi kwenye simu kaunta, mteja wa Lubumbashi anasoma Kiswahili vizuri kuliko sisi.

Dogo wa Temeke

Nimefuatilia uzi mzima kimya kimya sasa na mimi nina shida yangu. Mwezi ujao tunapeleka barua, baadae mahari, na mshenga wangu ni mpole kuliko huyu dada wa Kongo. Nikiweka hii prompti, AI iwe mjomba wa upande wa bibi harusi, uvumilivu nimpe ngapi?

Mama Wawili

Mjomba mpe 1. Na mistari ya kuongea mwekee mmoja tu, "mtoto wetu kasoma".